Mtungi wa Dama

Mama Dama,

Mtungi umepasuka. Naanza na hilo, maana hukupenda mtu azunguke.

Ule mkubwa, ulioufinyanga kabla homa haijakulaza. Ulisema ni wa Dama, ataingia nao kwa mumewe kama wewe ulivyoingia na wa mama yako. Ukaufunika gunia, ukauke polepole, mdomo usitangulie kitako. Ukafa, nao haujaonja moto.

Dama kaposwa na kijana wa Mwakirunge, mvunja mawe. Mtu wa kazi, sina neno naye. Shangazi yake ndiye mwenye mdomo. Alikuja akauona mtungi mbichi, akacheka. "Mkwe, mfereji ushafika hapa Chaani, nawe wangoja chungu? Mpe mtoto debe. Debe halipasuki." Nikasema moyoni, utaona.

Nilidhani najua. Nimekubebea kuni miaka yote, nikikaa kando navuta sigara nikikutazama. Nikafanya kama wewe. Makaa machache ndani kwanza, uote moto taratibu, jasho liutoke. Nikangoja upepo utulie. Nikapanga kuni, makumbi, vifuu, nikafunika na vigae, baridi isipate tundu. Dama akasema, "Baba, leo wewe ndiye Mama." Tukacheka. Mara ya kwanza tangu tukuzike.

Lakini uwanja, Mama Dama. Uwanja.

Wewe ulichoma kule nyuma, penye majivu makavu. Mimi nikachoma mbele, shangazi akipita aone. Na wajua malori yanavyotimua vumbi hapa. Wajua kila asubuhi nilimwaga maji mbele ya nyumba, vumbi lisishike udongo wako. Tangu ufe sijaacha. Siku ile pia nilimwaga. Mkono ulienda wenyewe. Juu moto, chini majimaji.

Moto ulipokolea nikasikia. Ta. Kama mtu kavunja kijiti. Dama akanitazama. Ulikuwa ukisema, "Ukisikia mlio keti, usifunue. Ukifunua utaua na mingine." Mingine haikuwepo. Nikaketi tu.

Ulipopoa tukaufukua. Ufa umeanzia kitakoni ukapanda tumboni. Tukatia maji. Yakatoka yote.

Dama akaingia kwa mumewe na debe. Shangazi alinyamaza. Afadhali angecheka.

Huku kwengine ni vile vile. Wanasema uhuru u karibu, mtaa mzima ni nyimbo. Mimi kazini nabingirisha mapipa. Kifua chanisumbua. Mtungi niliuweka kitandani, upande wako. Nikitia mkono ndani nagusa alama za vidole vyako. Nalala hivyo.

Jumapili Dama alikuja. Kapata udongo kule kwa mumewe, ataka kufinyanga. Akauomba mtungi. Nikamuuliza, wa nini, si umepasuka? Akanijibu kwa maneno yako yale yale. "Udongo mtupu hauhimili moto, Baba. Mtungi mkubwa wataka unga wa mtungi uliokufa." Ataka autwange, auchanganye, ndipo wake usipasuke.

Nikamfukuza. Mwanetu. Akaenda analia njia nzima.

Leo sikwenda kazini. Nimekaa na mtungi tangu asubuhi. Nilitaka nimpe uliobaki, mimi nifiche kipande kimoja tu cha mdomoni, pale ulipobonyeza kidole gumba. Nani angejua?

Kisha nikaukumbuka mtungi wa mama yako, siku ulipovunjika. Ulilia, Mama Dama. Ulilia na mchi u mkononi, ukatwanga mpaka vigae vikawa unga. Nilikwambia bakisha kipande. Ukanambia, "Nibakishe nini, nami naufinyanga tena?" Sikukuelewa. Ule unga uliutia humu. Mama yako yumo humu.

Basi naupeleka kwa Dama. Wote, na mdomo wake. Nitamwomba mwanangu radhi. Nitautwanga mimi mwenyewe, mikono yangu ishazoea vitu vizito. Yeye afinyange. Akichoma nitamletea kuni, nikae kando na sigara yangu, nisifunue chochote.

Pumzika, mke wangu. Nakuahidi wa Dama utashika maji.

Na hapa mbele ya nyumba simwagi maji tena. Vumbi na lije.

Mimi, Baba Dama