Masikio ya Kisilu Yalikuwa Mazima

Mwaka mzima umetimia, Baba, tangu tarehe 9 Agosti 2006 moyo wako uliposimama ghafla, na hapa nyumbani Muthangari bado hatujazoea.

Ulikuwa mpole. Ulimsalimia askari wa lango kabla ya tajiri wake. Kila Ijumaa, ukiwa fundi wa kampuni ya umeme, ulipanda vilima vya Ngong kurekodi kwenye kaseti sauti za giaboksi za mitambo ya umeme wa upepo, kisha ukazisikiliza mezani, macho umefumba, chai ikipoa. "Giaboksi huanza kuugua kabla haijavunjika," ulisema. "Ukijua sauti yake ikiwa nzima, utajua ikishikwa na homa."

Mwanao Kimanzi, mwanafunzi wa bweni, aliyewahi kumvalisha mbuzi wa shule tai ya mwalimu mkuu, alikuwa likizoni Aprili mwaka jana. Ulipokwenda mazoezi ya kwaya, aliicheza kaseti yako kwenye redio moja, akairekodi kwa nyingine huku akigonga glasi kwa kijiko. Akakuachia kaseti hiyo mpya mahali pa ile yako.

Alitaka tu kukuona ukikuna kichwa. Wewe ukausikia mlio ule, ukaamuru mtambo usimamishwe na giaboksi ifunguliwe. Ndani, meno yote ya gia yaling'aa, hakuna lililovunjika. Ofisini kwenu Upper Hill, mkubwa wako Bwana Oloo akatangaza, "Mzee Kisilu, hizo masikio zako zimestaafu kabla yako!" Wakacheka wote. Ukaomba kuhamishiwa stoo. Kimanzi aliyasikia hayo nyumbani, akala chapati zake, akanyamaza. Tukakuzika ukiamini kwamba husikii vizuri.

Mwezi jana Kimanzi alimweleza yote mama yake, Nthenya. Mama hakumchapa, heri angemchapa. "Vaa yunifomu," alisema. "Ulimwaibisha mbele ya watu, utamsafisha mbele ya watu."

Akasimama ofisini kwenu, akasema yote.

"Uligonga kwa nguvu?" Bwana Oloo akauliza.

"Hapana. Polepole."

"Na hiyo mashine inanguruma kama lori ikipanda mlima." Akajipangusa uso. "Sisi wote tuliskiza hiyo kaseti, kijana. Hakuna mtu aliskia kitu. Ni yeye tu."

Wanaokukumbuka ni mkeo Nthenya, binti yako Ndunge, dada yako Nzembi, Bwana Oloo aliyeomba jina lake liwekwe, na Kimanzi, ambaye haombi msamaha gazetini. Anaomba tu kila aliyecheka asome.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tutakazojaliwa.