Karatasi Iliyofunga Karanga

Mpendwa Shangazi Spesioza,

Shikamoo. Huku mtaa wa Ng'ambo hatujambo, na baiolojia nimefaulu. Tumbaku yenu huko Ulyankulu imeshakauka?

Shangazi, Jumanne tulinunua karanga shuleni. Zilifungwa kwa fomu za wagonjwa, kutoka zahanati ulikotibiwa hapa mjini. Zahanati ilimuuzia muuzaji kwa kilo, majina yakiwa bado yanasomeka. Nikasoma kwa sauti fomu iliyofunga karanga zangu, nikijifanya daktari, wenzangu wakacheka.

"Mimba ya tatu imeharibika."

Mwanne akachungulia. "We Ange, huyu si shangazi yako?"

Nikaapa kwamba sikuliona jina.

Nyumbani tumezoea kusema hutaki watoto. Hata mimi nimewahi kusema.

Muuzaji alinipa fomu zilizobaki, nikazirudisha zahanati. Karani akashangaa: "Hizi za zamani, binti. Zina shida gani?" Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Jina lako nililiona kabla ya mstari ule. Walikuwa wanacheka, nikaendelea.

Baba sijamwambia. Likizo naomba nije nikuombe radhi ana kwa ana. Ukisema nisije, nitaelewa, lakini natumaini utaniita.

Binti wa kaka yako,
Ange