Jina la Zuhura

Mkuyuni, Jumapili

Miguu imevimba kwa kusimama jikoni. Pilau ya watu wote wale, na bado wapo waliolalamika kachumbari haitoshi.

Lakini aliyenichosha ni dada. Leo ukoo umekaa, umempa mjukuu wake jina la mwanangu, kama tunavyofanya sisi Waluguru marehemu akishatimiza mwaka. Sikukataa. Zuhura wangu amekufa na miaka kumi na tisa, hakuacha mtoto. Jina libaki kwa nani? Ila tangu asubuhi dada ananifuata nyuma: "Muite jina lake, mdogo wangu. Mtoto azoee."

Nimemwita "wewe". Nimemwita "njoo hapa". Jina limegoma kutoka. Tangu tumzike sijalitamka kwa sauti, maana kumwita mtu asiyeitika...

Na huyu hafanani naye hata kidogo. Mkorofi, kutwa anafukuza kuku wa watu. Naogopa pia. Wakishamzoea huyu, wangu si ndio watamsahau?

Jioni wageni wameshaondoka, nikamwona anakimbilia mafiga, sufuria la maji limechemka. Nilikuwa mbali, nina rundo la sahani mikononi.

"Zuhura!"

Nimepiga ukelele mpaka koo likauma. Akasimama pale pale, akageuka.

"Abee, bibi."

Nikaweka sahani chini, nikakaa hapo hapo kwenye vumbi. Halafu nikamwita tena, kwa sauti ndogo. Sikuwa na la kumtuma. Nilitaka tu aitike.