Mkanda wa Bei Rahisi, Boksi la Jina Kubwa

Mpendwa mshauri,

Jana Alhamisi, fundi mwenzangu Filemoni aliniita gerejini kwake hapa Korogwe, akaniwekea mkononi mkanda wa taimingi wa injini, uliokatika, akasema umetembea kilomita elfu tatu tu, "na meno yameng'oka kama ya mtoto wa darasa la kwanza." Nilicheka naye, kisha nikazunguka nyuma ya gereji nikatapika. Mkanda ule niliufunga mimi. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa ijayo.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli Kilole, hapa hapa Korogwe, mwaka wa kumi na sita sasa, na miezi miwili iliyopita niliagiza mikanda miwili kwenye duka la mtandaoni, picha zilikuwa safi na bei haikufika nusu ya ile ya kampuni yenye jina, mmoja nikamfungia Hashim anayebeba machungwa Makuyuni, na Hashim nilimwambia wazi kwamba ni wa bei rahisi, akasema weka tu fundi, Mungu yupo, na ndio huo uliokatika karibu na Hale, injini ikazima ghafla na valvu zikapinda, gari likavutwa hadi kwa Filemoni, yeye ametoka mzima. Wa pili uko kwenye pikapu ya mzee Leboo, mfugaji wa ng'ambo ya Handeni, na huyo sikumwambia. Yeye aliagiza wa kampuni na akalipa wa kampuni, ila ulichelewa kutoka Dar, naye alitaka gari siku ile ile awahi mnada, nikajisemea nitamfungia huu kwanza halafu nitaubadili, na kwa kuwa kwetu mafundi mwenye gari hukabidhiwa kifaa chake cha zamani pamoja na boksi tupu la kipya, nilichukua boksi la kampuni lililobaki kwenye kazi nyingine nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili. "Hili naliweka kabatini, fundi, pamoja na vyeti vya watoto."

Mkanda halisi ulifika wiki iliyofuata. Mpaka leo uko kwenye droo yangu.

Pikapu hiyo ndiyo gari pekee pale bomani kwao, na Ijumaa itampeleka mkwewe, Naisiae, hospitalini Handeni akasubiri kujifungua, mimba yake ya kwanza iliharibika, na njiani kuna kipande kirefu ambacho simu haishiki kabisa. Kila nikikaa namwona amekwama hapo.

Nilimpigia mzee jana hiyo hiyo. "Shikamoo mzee, lete gari Korogwe niangalie oili."

"Marahaba. Oili si umebadili majuzi? Umeishiwa kazi mjini, fundi?" Akacheka sana. "Haya, Jumatano nitakuja."

Mke wangu Asnath alikuwa anasikiliza. "Mbona hujamwambia? Unangoja akuulize msibani?"

Nikisema, wafugaji wote wa kule wanaoniletea magari kwa neno lake watanihama, na sijui wanawe watanifanya nini. Je, nisubiri tu Jumatano niubadili kimyakimya?

Fundi, Kilole

JIBU

Fundi, jibu hili nilikutumia kwa simu jana Jumapili, maana gazeti linatoka leo na mkanda haungoji gazeti.

Usisubiri. Umesoma ulichokiandika? Unaogopa mkanda utakatika njiani, kisha unamwita mzee wa watu aendeshe gari lenye mkanda huo huo kutoka ng'ambo ya Handeni hadi Korogwe ili upate kuficha kosa lako. Safari hiyo ni ndefu kuliko ya Naisiae.

Pole kwa hofu. Mtu asiyejali asingetapika. Lakini hofu haijafungua boneti hata moja. Wiki nzima mkanda halisi umelala kwenye droo, kisha wiki nyingine, na gari likatembea.

Unaweza kuuza kifaa cha mtandaoni. Hashim aliambiwa, akachagua, na hasara yake mtaizungumza kama watu wazima. Leboo hakupewa nafasi ya kuchagua. Ulimpa boksi ili asiulize, naye akaliweka na vyeti vya watoto. Wasomaji wengine wanaojua spea kwa kutazama boksi nao wajifunze hapo: simama fundi anapolifungua, uone kinachotoka na kinachoingia.

Sasa fanya hivi. Mpigie Leboo sasa hivi, mwambie kwa maneno haya: "Mzee, mkanda niliokufungia si ule uliolipia. Gari lisiwashwe." Usianze na oili. Atafoka; nyamaza umsikilize. Wateja wakikuhama, watakuwa na sababu. Kisha panda wewe basi na zana zako, uchukue na roli ya kukaza mkanda, mpya, kwa gharama yako. Mwombe Filemoni mfuatane, kwa sababu neno lako peke yako pale bomani halitoshi tena. Hata kazi ikiisha vizuri, tafuteni gari jingine la akiba kwa ajili ya Naisiae.

Boksi la mkanda halisi lililo kwenye droo libebe, usilifungue. Atalifungua Leboo mwenyewe, Jumatano ile ile aliyopanga kuja kwako, saa tatu asubuhi, bomani kwake. Naisiae anasafiri Ijumaa.