Samaki wa Fundi Saa

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umeketi, kwa sababu nakujua: barua huzisoma ukiwa umesimama mlangoni, mkoba ungali begani, kisha unalalamika kwamba hukuelewa. Keti kwanza. Natumaini wewe ni mzima, shemeji ni mzima, na kikohozi cha mwanao mdogo kimekwisha. Je, mgongo wako unakuruhusu siku hizi kusimama zamu nzima pale wodini, au bado unajikaza mbele ya wagonjwa na kuugulia ukifika nyumbani? Mimi sijambo. Magoti yananisumbua kwenye ngazi, lakini huku ngazi ni chache, kwa hiyo tunasameheana.

Nakuandikia kutoka katika nyumba ya mbao iliyo kando ya ziwa, ambayo mwanafunzi wangu wa zamani ametuazima, mimi na kaka yako, kwa mapumziko. Simu haishiki mtandao mpaka mtu apande kilima, nami kilima sikiwezi. Tena habari hii sikutaka uipate kwa vipande. Anayetunza nyumba hizi ni mama mmoja ambaye wote humwita Mama Funguo, kwa sababu ya mafunguo yanayolia kiunoni mwake kama njuga. Kesho alfajiri anakwenda mjini, naye ameahidi kuileta barua hii mpaka mlangoni kwako.

Unajua kwamba sauti ya kaka yako imekuwa ikikwaruza tangu mvua zilizopita. Sisi tulisema ni mafua. Yeye alisema ni vumbi la saa za watu wasiooga. Usilolijua ni kwamba mwishoni nilimkokota hadi kwa daktari, na daktari, binti mpole mwenye mikono midogo, alituchorea koo kwenye karatasi na kutueleza bila kuzunguka. Kuna uvimbe kwenye kikoromeo, na ni ule uvimbe mbaya. Haujasambaa. Ukiondolewa sasa, ataishi; lakini utaondoka pamoja na kikoromeo chote, na sauti itaondoka nacho. Ukiachwa, utamziba pumzi kabla ya mwaka kugeuka. Alimwekea nafasi ya upasuaji Alhamisi asubuhi, akasema asipofika nafasi atapewa mwingine, na uvimbe haujui kusubiri foleni.

Sasa fikiria habari hiyo ilimwangukia nani. Ilimwangukia Fundi Saa, mtu ambaye wateja humpelekea hata saa zisizoharibika ili wapate tu kumsikiliza pale kibandani, kioo kimoja jichoni na mdomo ukienda mbio kuliko mishale anayoitengeneza. Alimtazama daktari, akamwambia kwamba katika kazi yake saa ya ukutani ikiharibika hawaing'oi kengele, wakamrudishia mwenyewe na kumwambia imepona. Kisha akachukua kofia yake akatoka, nami nikabaki naomba radhi kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Nilimsihi kwa kila namna. Nilimkumbusha wanawe, akasema wanawe ni wakubwa na wameshasikia ya kutosha. Nilimkumbusha mama yetu, akasema mama alikufa akiongea, na hicho ndicho kifo anachokijua. Basi lilipokuja wazo la nyumba hii ya ziwani nililidaka kwa mikono miwili. Nilidhani utulivu utamlainisha.

Mbele ya nyumba kuna gati dogo la mbao linaloingia majini, na barazani tulikuta fimbo ya kuvulia. Kaka yako hajawahi kuvua hata dagaa. Lakini jioni ya kwanza aliketi ukingoni mwa gati, akaning'iniza miguu, akanitangazia shauri lake. Alisema samaki hana sauti na bado anaishi, tena anaishi vizuri, hana deni na mtu. Kwa hiyo atawauliza wenyewe. Akimpata samaki hata mmoja kwenye gati hili kabla hatujaondoka, atajua mabubu wamemkaribisha katika ukoo wao, na Alhamisi atalala kwenye kitanda cha upasuaji bila kunung'unika. Asipompata, nimwache, nisimtajie hospitali tena mpaka afe. Akataka nimpe mkono. Nilimwambia kwamba uhai wa mtu si mchezo wa kamari. Alinijibu kwamba daktari naye anacheza kamari, ila amevaa koti jeupe. Nikampa mkono, mdogo wangu. Ningefanya nini?

Tangu hapo nimeishi kwa kuutazama uzi. Kwanza alitupa ndoana tupu, akidai samaki mwenye akili haji kwa sababu ya tonge. Nilipomlazimisha kuweka chambo alitumia mkate, ukayeyuka. Mama Funguo akamchimbulia nyungunyungu nyuma ya jiko, naye akawafunga kwenye ndoana kwa ustadi wa kutisha, kama anayefunga springi nyembamba ya saa ya kike. Wakaliwa. Ndoana ikarudi safi, imeoshwa.

Shida haikuwa chambo. Shida ilikuwa mdomo wake. Alizungumza na maji, na ndege, na mbao za gati. Dereva mmoja wa malori, aliyepanga nyumba ya jirani kwa likizo yake, alikuja akaketi upande wa pili, akanyamaza kama jiwe na kuvuta samaki wawili wanene. Alimwambia kaka yako kwa heshima kwamba mzee wangu, hawa viumbe wanakusikia. Kaka yako alimjibu kwamba wakimsikia ndiyo vizuri, kwa kuwa sauti yake imebakiwa na kodi ya siku chache kooni humu na hataki siku hizo zipite chumba kikiwa kitupu.

Nami niliyemwambia nyamaza tangu akiwa na meno ya utoto, mezani, njiani, hata msibani, nilifungua mdomo nimwambie anyamaze ili aishi, na neno halikutoka. Nilikaa kwenye kiti changu nikimwomba Mungu amletee samaki kiziwi.

Siku zikaisha hivyo. Jana usiku alikohoa mpaka nikaenda kusimama nje ya mlango wake, nikihesabu pumzi. Leo ndiyo siku yetu ya mwisho hapa. Asubuhi yote hakupata kitu. Saa sita alikunywa dawa, akachomeka fimbo kati ya mbao mbili za gati, akaja kujilaza. Kabla ya kusinzia aliniambia kwa upole, bila mzaha, kwamba ameridhika na nisilie. Mdogo wangu, ule upole ulinitia hofu kuliko damu niliyoiona kwenye leso yake.

Sasa nakueleza jambo ambalo hutaliamini kutoka kwangu. Nilikwenda kwa Mama Funguo nikamwomba aninunulie samaki mmoja kwa wavuvi wa ng'ambo. Sikumwambia wa nini, niliona haya. Aliniletea akiwa amefungwa ndani ya mfuko. Nilikwenda gatini, nikalala kifudifudi juu ya zile mbao, mimi na magoti yangu haya, nikavuta uzi, nikamtundika yule samaki mdomoni, nikamshusha majini taratibu. Nilifanya hayo nimegeuza uso na kubana pua. Unajua mimi na samaki hatukai chungu kimoja. Maishani mwangu sijamtazama samaki kwa karibu isipokuwa yuko tayari kwa kikaango. Kisha nikaketi kwenye kiti changu, nikafungua kitabu, nikamsubiri aamke.

Alikuja akipiga miayo. Nilimwambia kwamba nadhani uzi umetikisika. Akaivuta fimbo. Samaki akapanda, akazunguka mbele ya macho yetu, na jua likampiga vizuri. Kaka yako alimshika, akamgeuza huku na huku, akakivaa kile kioo chake cha kazi. Hatimaye aliniuliza kama nimeona vile samaki huyu alivyo na adabu: amejiparura magamba, amejitoa utumbo, na tumbo amejikata kwa mstari ulionyooka, ndipo akaja kuuma ndoana.

Mama Funguo alidhani ni wa jikoni. Alinifanyia hisani.

Nilikiri palepale. Nilidhani atakasirika na mkono tuliopeana utavunjika. Alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkunja, nami nikamshikilia bega asitumbukie. Alipopata pumzi aliniambia kwamba nilimwangusha mtihani mtoto wa mwalimu mkuu kwa alama moja tu, na baba yake amesimama dirishani. Kwamba sijawahi kumnong'onezea mtu jibu tangu nizaliwe. Ikiwa mimi nimefikia kulala kifudifudi gatini ili kuiba mtihani, basi hali yake ni mbaya kuliko alivyoambiwa. Akamtazama tena yule samaki, akasema kwamba asiye na utumbo amejikaza akaja mpaka kwenye ndoana kumwokoa. Yeye mwenye utumbo wake wote atakataaje? Alhamisi atakwenda.

Tumemla samaki huyo pamoja. Nami nilimla, miiba na yote.

Ungetarajia niwe na furaha. Sina. Nimekaa hapa mezani na sijui kama nimemwokoa ndugu yangu au nimemwibia. Alitaka kuondoka na sauti yake, nami nimeiweka rehani kwa hila ya mfuko wa plastiki. Daktari ameahidi uhai, lakini madaktari wameahidi mengi. Je, akiamka Ijumaa, afungue mdomo kunifanyia mzaha, kisha akumbuke? Nitamtazama kwa uso gani? Wewe unauguza watu; niambie huwa wanasamehe.

Sasa hivi yuko chumba cha pili, anamsimulia Mama Funguo kisa cha yule bwana aliyeleta saa itengenezwe kumbe ni sanduku la ugoro. Nimekisikia kisa hicho tangu ujana wangu na kila mara anakosea mwisho wake. Leo sikumsahihisha. Sauti ikikatika, kalamu yangu nayo inasimama mpaka irudi.

Mama Funguo akikupa barua hii itakuwa Jumatano. Nasi tutakuwa tumefika mjini, wodi ya upasuaji, na baada ya chakula cha jioni hawaruhusu wageni. Omba ruhusa kazini, ukinyimwa toroka. Lile jina la Kijiko alilokupa ulipokuwa huna jino hata moja, na hukubali kulala bila kijiko mkononi, mimi sijawahi kukuitia, kwa kuwa niliona halimfai mtu mzima. Wengine waliolijua wamekwisha kufa. Amebaki yeye, na leo jioni ameuliza: Kijiko atakuja?

Msalimu shemeji, wabusu watoto, na mwambie jirani yako kwamba kitambaa chake kimenifikia na kimenipendeza. Usipoteze wakati kunijibu. Njoo. Ukichelewa utamkuta, lakini hutamsikia akikuita.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mwalimu