Sekunde Kumi za Saksofoni

Jumatatu, 3 Machi

Fundi amesema basi. Shingo imevunjika, mwili umepinda, hata akiinyoosha itakuwa inakoroma tu. Miaka kumi na moja na saksofoni hii, halafu inauawa na sanduku la safari! Mdogo wangu alikuwa analishusha kutoka juu ya kabati. Samahani dada, liliteleza. Liliteleza lenyewe, eti! Nimempa hadi mwisho wa mwezi atafute kwake. Anasema hana pesa ya kulipia chumba. Mwaka wa pili sasa anakula, analala, anachezea simu. Sina huruma tena.

Kiongozi wa bendi naye kanipigia. Ijumaa ya tarehe 14 nifike hotelini na chombo changu, la sivyo kiti changu anapewa yule msichana mpya. Yule anayepuliza kama anapoza chai!

Jumanne, 4 Machi

Bei za madukani ni matusi. Nimebaki na mtandao. Fundi kanipa mahubiri: picha zinadanganya, niombe namba iliyochongwa mwilini, tukutane na muuzaji mchana mahali penye watu, niende naye yeye fundi abonyeze kila kitufe kabla sijatoa hata senti. Nikamwambia mimi nina masikio. Akasema masikio hayana mikono. Mjuaji!

Alhamisi, 6 Machi

Matangazo thelathini, takataka tupu. Mmoja kapiga picha klarineti akaiita saksofoni. Mwingine nilipomwomba namba ya chombo akamtukana mama yangu, ambaye hata hamjui.

Mdogo wangu kanionyesha moja — angalau kwa hilo kafaa. Iko mji mwingine, haina hata mkwaruzo. Muuzaji hapokei simu, anaandika tu. Nimemwandikia: nataka sekunde kumi za noti ndefu, kutoka chini kwenda juu. Wapulizaji wote tunaanza siku kwa zoezi hilo. Chombo kibovu hakina pa kujificha hapo.

Ijumaa, 7 Machi

Sauti imekuja! Nimeisikiliza mara ishirini. Nene chini, laini juu, haitetereki. Kwa nyuma kuna maji yanadondoka mahali fulani, na pumzi haishtuki hata kidogo. Nani huyu? Nimemchukia papo hapo. Mimi sijawahi kuwa na pumzi kama hiyo. Na mtu anayepuliza hivi anauzaje chombo chake?

Anataka kishika uchumba, nusu ya bei, maana kuna mwingine anaitaka. Nimetuma. Fundi sijamwambia, na simwambii ng'o.

Jumatatu, 10 Machi

Namba haipatikani. Tangazo limefutwa. Mjinga mimi! Mjinga mwenye masikio!

Nimemfokea kila mtu leo, kuanzia mwenye nyumba. Mdogo wangu peke yake hakunijibu vibaya. Pole dada, mtandaoni kumejaa wezi. Halafu akasema amepata chumba, anahama Alhamisi. Haya, angalau mkosi mmoja unaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa fundi kuazima chochote kinachopulizika. Hana. Ikabidi nimweleze yote, nikamsikilizisha ile sauti aone kilichoniponza. Akainama, akairudia. Kisha akaanza kucheka. Nilitaka kumpiga na nyundo yake mwenyewe.

Dada, huyu ni wewe, akasema.

Nikamwambia asinichoshe. Akairudisha mwanzo. Sikiliza kitufe cha chini kinavyofunga. Tak! Hicho ni kipande cha ndala nilichokubandikia mwaka juzi. Nitajie saksofoni nyingine iliyovaa ndala.

Tak. Nimeishi na hiyo tak mpaka nikaacha kuisikia. Na mimi siku zote nimekuwa nyuma ya saksofoni, sijawahi kusimama mbele yake. Wivu wote ule, kumbe najionea mwenyewe! Sikujua nasikika hivyo. Sikujua kabisa. Nimelia mbele ya fundi, aibu tupu, naye akajifanya anatafuta bisibisi.

Lakini mimi sijawahi kujirekodi.

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne asubuhi. Niko jikoni, naandika mezani. Bomba linavuja. Tone, kimya, tone. Hapa ndipo nilipokuwa nikifanya mazoezi kila asubuhi. Na pale mlangoni, kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, ndipo alipokuwa akikaa yeye na simu yake. Siku moja nilimfukuza. Nilidhani anachati.

Sasa yuko chumbani anapanga nguo. Sanduku ni lile lile. Anapiga mluzi. Kaniambia kwa sauti kutoka huko nisiwe na wasiwasi na kesho, Mungu atafungua njia. Kisha mluzi tena.

Kesho ni hotelini, na mikono yangu mitupu. Damu moja, tumbo moja, jamani!

Nimeweka simu mezani, nimepandisha sauti mpaka mwisho, nimebonyeza. Noti ya chini. Ya pili. Tak.

Mluzi umekatika. Zipu ya sanduku ilikuwa inafungwa, imesimama katikati. Sekunde kumi zimeisha, nimeirudia. Bado hatoki. Hata kuuliza ni nini hicho, hajauliza.