Nyumba ya Mlango wa Katikati

Thornton Heath, London

Kaka Rajabu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alitulea kwa adabu, na kumwamkia kaka mkubwa si lazima uwe umeridhika naye. Hapa sote wazima. Mimi kiuno kinanisumbua kwa kuinua wazee wa watu kazini. Mpwa wako Amina amenipita urefu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, ila nikimkaripia anaelewa vizuri sana. Mama anaendeleaje na miguu? Wifi hajambo? Na lile paa la upande wa jikoni, umeliziba, au bado Mama anakinga maji kwa ndoo? Unauza mabati, Kaka, na nyumba ya mama yako inavuja. Hilo peke yake lingetosha barua nzima.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu unaikata kila nikimtaja yule mnunuzi wako wa Korogwe, na sauti ninazokurekodia huzifungui. Barua hii anakuletea Mama Asha, jirani yangu wa hapa, anayekuja Tanga arusini. Nimemwambia akukabidhi mbele ya Mama, na Mama asomewe yote, hata pale ninapokusema vibaya.

Basi nimekwenda. Mwaka mzima umenisumbua: "Zaina, wewe uko huko huko, Ayalandi ni pua na mdomo, nenda kaitafute nyumba ya babu. Nyumba ya ukoo haipotei." Pua na mdomo! Kuna bahari katikati, Kaka. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda ndege ya alfajiri na kisha basi, nikaenda kumtafutia nyumba babu ambaye hakuwahi kututafuta sisi.

Na tukumbushane ni nani tunayemzungumzia, maana wewe ukimsimulia unamfanya mfalme. Babu yetu alikuwa msimamizi wa wakata mkonge. Watu wa Muheza walimwita Bwana Kiko. Alimpa Bibi mimba, akampa na picha ya nyumba ya kwao, akamwambia anakwenda mara moja kuonana na wakubwa. Mama akazaliwa, akakua, akaolewa, akapata wajukuu, na Bwana Kiko bado anaonana na wakubwa. Bibi hakukaa akamlilia. Alipanda michungwa, akauza machungwa kwa wenye malori, akajenga nyumba. Ndiyo hiyo hiyo unayotaka kuiuza leo, Mama akiwa ndani yake, ili upate nauli na wakili wa kudai nyumba ya mwanamume aliyemkimbia Bibi.

Mji wenyewe unaoutaja kwa kukunja midomo unaumaliza kwa mguu kabla chai haijapoa. Kuna mto, kanisa, baa, kanisa jingine, na baa tena. Mvua hainyeshi wala haiachi. Nilikuta kundi la Wamarekani wenye kofia za kijani, nao wamekuja kutafuta nyumba za babu zao, wanapapasa kuta za watu na kulia. Mama mmoja aliukumbatia mlango wa benki. Niliwadharau kwa moyo wangu wote, mpaka nilipojiona na mimi nimesimama barabarani, nimeinua simu yenye picha ya ukuta.

Picha ni ile ile uliyoitia fremu na kuitundika dukani, chini ya kibao ulichoandika AYALANDI VIFAA VYA UJENZI. Nilimwonyesha muuza nyama mmoja mzee. Akaitazama, akanitazama mimi na mtandio wangu, akaitazama tena.

"Nani wako aliyekaa hapa?"

"Babu yangu, yule aliyekwenda Afrika kwenye mkonge."

"Hata wewe!" akasema, akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Ni barabara hii hii, mbele kidogo. Lakini mama, usiseme nyumba yote hii. Hizi ni nyumba tatu zimeshikana. Yenu ilikuwa huo mlango wa katikati."

Umesikia, Kaka? Madirisha yote yale unayowaonyesha wateja ni ya watu wengine. Yetu ni mlango mmoja na kidirisha juu yake, kama mtu mwembamba aliyebanwa na wanene wawili kwenye benchi. Sebule ya Bibi ni kubwa kuliko nyumba nzima.

Na humo ndani siku hizi ni saluni ya mbwa. Sifanyi mzaha. Nilisukuma mlango wa ukoo wako nikakuta mbwa mweupe amesimama juu ya meza, amefungwa utepe, anapulizwa manyoya kwa mashine. Msichana wa saluni akaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia sina miadi wala sina mbwa, nina kaka. Hakuelewa, nikatoka.

Ningerudi London siku ile ile nikiwa na hadithi ya kuchekesha, yakaishia hapo. Lakini muuza nyama alinifuata nje na aproni yake, akaniambia mtoto wa dada yake Bwana Kiko yuko hai, anaitwa Nora, anakaa kwenye vijumba vya wazee nyuma ya kanisa. Nikaenda nimejiandaa kumdharau naye pia. Akanifungulia kibibi kifupi, na usoni ana macho ya Mama, yale yale, hata kile kikope kinacholegea. Dharau yote ikaniishia mlangoni. Nikamweleza mimi ni nani. Hakushtuka.

"Kwa hiyo wewe ni wa upande wa yule aliyekula nyumba," akasema.

Nikamwambia kwetu sisi tunawangoja wao watupe nyumba. Alicheka kicheko kisicho na furaha, akaniketisha, akanipa chai nzito na mkate wa siagi, ndipo akanieleza.

"Bibi yangu alikuwa mjane," akasema, "na mjomba ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Akamwambia Afrika kuna mkonge, na kila anayekwenda kule anakuwa bwana. Bibi auze nyumba, yeye apate nauli na nguo za kuendea. Akishavuna angeinunua tena, pamoja na ile ya jirani. Bibi akauza. Mjomba akatuandikia kwamba shamba lote ni lake. Kisha hakuandika tena."

"Halikuwa lake," nikamwambia. "Alikuwa anahesabu matita ya mkonge wa watu."

"Tulijua, binti yangu. Bibi tu ndiye hakutaka kujua."

Walihamia chumba cha kupanga juu ya bucha, Nora akiwa mtoto, wakilala kitanda kimoja na bibi yake. Kila alfajiri yule mama aliamka, akachukua ufagio, akavuka barabara kwenda kufagia kizingiti cha nyumba isiyo yake. Wenye nyumba wakavumilia, baadaye wakaona aibu mbele ya majirani, wakamkataza. Akawa anafagia barabara mbele ya ule mlango, kwa sababu barabara haina mwenyewe. Nora ndiye aliyekuwa akitumwa kwenda kumchukua. Alikuwa akimshika mkono na kumwambia, "Bibi, twende nyumbani." Na yeye anamjibu, "Nipo nyumbani."

Nililia, Kaka. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, mkate mkononi. Bwana Kiko nilikuwa nikimdharau kwa kumtupa Bibi. Kumbe alishamtupa mama yake mzazi kabla hajamjua Bibi. Na wewe nilikuwa nikisema unadanganya watu ukijiita mrithi wake. Nakuomba radhi. Umemrithi kweli, hukuacha hata chembe.

Basi sikiliza. Nyumba ipo na si yetu. Iliuzwa na mwenyewe, mchana, na aliyekula thamani yake ndiye huyo unayetaka kumdai haki. Wakili atakwenda kusema nini mahakamani, kwamba mbwa watoke? Wakubwa walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe unauza mbachao, na huo msala ulishapita kabla hujazaliwa.

Unaniambia Mama amekubali. Mama anakukubalia kila kitu tangu ulipozaliwa, na ndiyo maana umekuwa hivi. Hata yule mama wa Ayalandi alikubali.

Nisalimie wifi yangu. Mwambie mimi namwelewa kuliko anavyofikiri. Nisalimie mwanao mkubwa, Mwanahawa, ambaye najua ndiye anayeisoma barua hii, maana wewe utakuwa umeshasimama unatafuta viatu. Soma kwa sauti, mwanangu, usiruke chochote. Nisalimie Bi Tatu jirani, na fundi wetu, mjomba wa Mama Asha, umwambie aje apime paa na mabati ayachukue dukani kwa baba yako.

Mama, shikamoo. Najua uko hapo umeketi unasikiliza. Sijawahi kukuomba umkatalie mwanao, leo nakuomba. Huyo mtu wa Korogwe akija na kamba yake ya kupimia, usimkaribishe, usimpe hata maji. Kesho alfajiri amka ufagie uwanja wako kama siku zote, ufike mpaka barabarani, halafu urudi ndani kwako ufunge mlango.

Ni mimi mwanao, na dada yake huyo,

Zaina